Nani Atamsimamia Domitille?

Ukitaka kujua nani anaoa nani mjini Kalemie, usijisumbue kwenda parokiani. Nenda sokoni, kwenye meza ya Mama Arlette, pale anapouza nyuzi, vifungo na zipu. Fundi akinunua uzi mweupe mwingi kwa mpigo, Mama Arlette anajua kuna bibi arusi. Fundi akija na kipande cha kikwembe kutafuta uzi wa kufanana nacho, anajua hiyo ni sare ya shangazi au ya wajomba, na akishamwuliza maswali yake mawili matatu anajua mpaka kijiji cha bwana arusi. Watu wanamwita mpelelezi. Yeye hakasiriki hata kidogo.

"Nauliza tu," anasema. "Nimechukua kitu cha muntu?"

Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo, rafiki yake wa tangu utotoni anaolewa, na kuna jambo moja la arusi hiyo ambalo halijui. Moja tu! Lakini lilimnyima raha kuliko njaa.

Rafiki mwenyewe ni Domitille, mwalimu wa shule ya msingi kule Kataki. Walikua nyumba ukuta kwa ukuta, wakachota maji pamoja, wakachapwa pamoja. Domitille alilea wadogo zake mpaka wakaoa na kuolewa wote, na watu walishaacha kumwuliza lini na yeye. Ndipo akatokea Jean-Pierre, mjane wa Mpala mwenye boti ya kuvulia ndagala, wale dagaa wa ziwani, mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Harusi ilikuwa inakaribia, na baada ya harusi Domitille angehamia Mpala. Arlette alijua rangi ya sare, alijua wapishi, alijua nani kanuniana na nani. Alichokuwa hajui ni nani atakuwa marraine, yule mama anayemsimamia bibi arusi kanisani, anayekaa nyuma yake misa nzima na kumpangusa jasho.

Mwingine angesema, ah, si atakuwa Arlette mwenyewe? Hapana. Parokia yao ina sharti lake: anayemsimamia bibi arusi awe mwenyewe amefunga ndoa ya kanisa. Na Arlette alikuwa hajafunga. Alikuwa na Papa Achille wake miaka chungu nzima, mahari ilishatolewa, wana Jovial na Micheline ambao sasa ni watu wazima, lakini mbele ya altare hawajawahi kusimama. Kila Jumapili watu wakipanga mstari kwenda komunyo, Arlette anabaki kwenye benchi akikunja na kukunjua leso. Na Papa Achille, fundi wa mabehewa kule gari-moshi, ambaye besi yake katika kwaya unaisikia mpaka kifuani, naye anabaki kwenye jukwaa la kwaya, macho kwenye kitabu cha nyimbo.

Kwa hiyo Arlette alijua kwamba hatakuwa yeye. Alikuwa amemeza hilo, au alidhani amelimeza. Lakini basi ni nani? Na kwa nini Domitille, aliyekuwa akimweleza hata ndoto zake, safari hii amefunga kinywa?

Alianza kuchunguza bandarini. Siku hiyo Jean-Pierre alikuwa analeta vitu vya harusi kutoka Mpala, na Domitille akamwomba rafiki yake amsindikize kumpokea. Walipanda pikipiki moja wote wawili, dereva mbele, Domitille katikati, Arlette nyuma kabisa akishikilia kilemba chake, wakapita njia ya kando ya ziwa pale maji yalipokula barabara, Arlette akimpigia dereva kelele apunguze mwendo na papo hapo akimwuliza kama ameoa. Boti ilipofunga, Jean-Pierre akashuka na magunia ya ndagala kavu, kuku waliofungwa miguu na tabasamu lake. Arlette hakumpa hata nafasi ya kunawa uso.

"Shemeji, karibu. Safari ilikuwa muzuri? Sawa. Niambie, nani atamusimamia Domi?"

Jean-Pierre akamtazama, kisha akamtazama Domitille, kisha akashughulika na kuku.

"Shemeji, mambo ya kanisa uulize wenye kanisa," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Mimi ninajua ndagala," akajibu, akacheka kile kicheko chake kirefu, ila mwishoni kilikosa nguvu. Arlette akakiweka kicheko hicho akilini. Mtu anayecheka hivyo anaficha kitu.

Siku zilizofuata ndipo uzi ulipomletea habari. Msichana anayejifunza kushona kwa Papa Valère alikuja mezani kutafuta uzi wa rangi ya dhahabu. Rangi za sare zote Arlette alizijua: upande wa Domitille kijani, upande wa Jean-Pierre buluu. Dhahabu haikuwa ya upande wowote.

"Ya nani hii, binti yangu?"

"Sijui, Mama. Papa amesema tu niende kuchukua."

"Ni rinda ao ni blauzi na kikwembe?"

"Mama, mimi nimetumwa uzi."

Arlette akampa uzi na kumwongezea sindano ya bure, akamwachia jirani meza, akamfuata nyuma kwa hatua za mtu anayekwenda zake. Alifika kwa Papa Valère na kisingizio tayari mdomoni: amekuja kuona kama uzi umefanana. Papa Valère alikuwa nje akibishana na muuza mkaa. Na pale ndani, kwenye msumari, lilining'inia rinda. Weee! Kitambaa cha dhahabu kilichotulia, si kile cha kupiga kelele, mikono imekatwa vizuri, shingo imetariziwa. Rinda la marraine, hakuna ubishi. Lilibakiza pindo la chini tu.

Mimi ningeishia kuangalia. Arlette aliangalia mlangoni, akasikia mkaa bado unabishaniwa, akalivua kutoka msumarini na kulivaa juu ya blauzi yake kwa haraka ya ajabu. Halafu akajitazama kwenye kile kioo kilichopasuka cha fundi. Lilimkaa. Mabega yalikaa, kiuno kilikaa, hata pale nyonga yake ya kulia inapozidi ya kushoto kidogo, palikuwa pameachiwa nafasi.

"Kumbe kuna muke mwingine mwenye mwili kama wangu," akajisemea, na roho ikamwuma kwa wivu. "Nani huyo?"

Ndiyo, ndivyo alivyojiuliza. Mpelelezi wa Kalemie nzima, amesimama ndani ya jibu lenyewe amelifunga zipu, na bado anauliza nani huyo. Usimcheke sana. Alikuwa ameshajiambia mara nyingi mno kwamba haiwezi kuwa yeye, mpaka macho yake yalikataa kuona.

Basi akaanza kutafuta mwili unaofanana na wake. Jumapili baada ya misa, alisimama mlangoni akikumbatia wanawake. Alimkumbatia Mama Francine wa kwaya, akampima kwa mikono: mwembamba mno. Alimkumbatia Mama Adolphine: mikono haikufika. Mke wa katekista alikumbatiwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza Arlette hakuwa na hakika na mabega. Wanawake wakaanza kuulizana kama Mama Arlette ameokoka ama ana habari ya msiba anayoshindwa kuisema. Papa Achille, akishuka na kitabu chake cha nyimbo, akamwuliza kulikoni.

"Nasalimia watu," akajibu. "Ni zambi?"

Achille ni mtu wa kunyamaza, maneno yake yote huyaimba.

Katikati ya wiki Domitille akamwomba wasindikizane Lubuye kuona mbuzi wa harusi aliowekewa na mjomba wake. Ilikuwa siku nzuri, jua si kali, ziwa limetulia. Mbuzi walionekana, wakasifiwa, mmoja akamla Arlette pembe ya kikwembe. Walicheka njia nzima. Wakati wa kurudi pikipiki iliharibika kabla ya daraja la Lukuga, dereva akakaa chini kufungua plagi, na wao wakaamua kutembea. Domitille alikuwa anaeleza jinsi wanafunzi wake walivyomwimbia wimbo wa kumuaga, na ghafla Arlette akasimama katikati ya daraja, malori yakimpigia honi.

"Domi, nimechoka. Nitajie huyo muke. Nimemutafuta Kalemie yote. Ana mabega yangu, ana kiuno changu, ana mpaka nyonga yangu hii yenye kiburi, na simujui! Nani?"

Domitille akamvuta pembeni, lori lipite.

"Ulienda kwa Papa Valère."

"Nilienda."

"Ukavaa."

"Nikavaa. Likanikaa."

"Arlette," Domitille akasema polepole, kama anavyosema na watoto wa mwaka wa kwanza, "umekutana na muke gani mwingine katika dunia hii mwenye nyonga hiyo?"

Arlette akashika chuma cha daraja, na chini maji ya Lukuga yakawa yanaendelea na safari yao.

Domitille akamweleza yote. Alikuwa na mpango. Alitaka Arlette na Achille wafunge ndoa yao kimya kimya, misa ya asubuhi tu, bila karamu, kabla ya harusi yake, ili Arlette aweze kumsimamia. Aliagiza rinda mapema akiwa na matumaini. Kisha akaenda kumwona Achille kwenye karakana, akamwomba. Jean-Pierre naye akamwomba. Achille akakataa.

"Alisema nini?"

"Alisema haiwezekani. Nikauliza juu ya nini, akasema nikuulize wewe kwanza kama umewahi kumuuliza. Nikaona aibu. Nilifikiri ni siri yenu ninyi wawili, wewe unajua sababu. Njo maana nikanyamaza. Rinda nimemwacha Papa Valère amalize tu, nilishindwa kumwambia asimame."

Walivuka daraja bila kusema, na hiyo haikuwahi kutokea kati yao tangu wazaliwe. Kwa maana ukweli ulikuwa huu: yeye aliyewauliza madereva, mafundi, mapadri na wajane, hakuwahi hata siku moja kumwuliza mume wake kwa nini hajampeleka kanisani. Alikuwa akiliogopa jibu. Kwenye meza yake ya nyuzi aliweza kucheka na kila mtu, lakini moyoni alikuwa na hakika kwamba Achille anaona kuna kitu kimepungua kwake, kwamba anatosha nyumbani ila hatoshi mbele ya altare. Afadhali kutojua.

Alimkuta Achille uani, jua bado liko juu, anapiga pasi vazi lake la kwaya kwa pasi ya mkaa. Hakumwacha mtu mwingine aliguse vazi hilo. Arlette akasimama mbele yake, bado ana vumbi la Lubuye miguuni.

"Papa Jovial, juu ya nini hukunipeleka kanisani?"

Achille akaiinua pasi. Akaitafutia mahali pa kuiweka, akakosa, akabaki nayo mkononi.

"Leo umeuliza," akasema.

"Leo nimeuliza. Jibu."

"Mimi sijabatizwa."

Jamani! Arlette alidhani anamtania. Papa Achille, besi ya kwanza, mtu anayezijua zaburi kwa moyo, ambaye mama yake ni mzaliwa wa Mpala, na Mpala watu husema hata mbuzi wa misioni wamebatizwa! Lakini Achille hakuwa anacheka. Akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa, na akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema siku moja.

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa gari-moshi na mama yake alimfuata bila ndoa ya kanisa, basi watoto hawakubatizwa wakiwa wachanga. Padri alisema wangoje wakue, wafuate mafundisho. Achille akaanza mafundisho Kabalo, baba akahamishwa. Akaanza upya Nyunzu, akahamishwa tena. Kila kituo walichofika, wenzake walikuwa wameshatangulia, yeye anaanzia mwanzo na watoto wadogo kuliko yeye. Walipotulia Kalemie, sauti yake ilishakuwa ya kiume. Mkubwa wa kwaya akamsikia akiimba njiani, akamshika mkono, akamwingiza kwenye safu ya besi, bila kumwuliza lolote. Nani anamwuliza mwimbaji kama amebatizwa?

"Nikaona aibu kusema," Achille akasema. "Kila mwaka aibu inakuwa mukubwa. Halafu tukakaa mimi na wewe, watu wakasema, Achille hapokei komunyo juu hawajafunga ndoa. Nikaona jibu limekuja lenyewe. Nikajificha mule. Jovial akabatizwa, Micheline akabatizwa, mimi naimba juu, nafurahi, na najua watoto wangu wamenipita. Ukiniambia tuende kwa padri, kitu cha kwanza atauliza ni ubatizo."

"Na mimi?" Arlette akauliza. "Miaka hii yote nilifikiri ni mimi. Nilifikiri kuna kitu kwangu hukukitaka mbele ya Mungu."

Achille akamtazama kama mtu aliyepigwa.

"Wewe?" akasema. "Kwako wewe?"

Arlette akalia kwa hasira, akamwita mjinga, akamwita mwoga, akaichukua ile pasi mkononi mwake kabla haijamchoma. Kisha akakumbuka kwamba mjinga na mwoga walikuwa wawili katika nyumba hiyo, akaketi naye kwenye kinu kile kile, ingawa hakikuwatosha. Micheline alipopita uani na kuwakuta hivyo, akarudi ndani taratibu.

Kesho yake asubuhi walikwenda wote wawili kwa katekista, Papa Bénit. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaomba arudiwe. Kisha akasema la kweli: mafundisho yako wazi kwa kila mtu, ubatizo ni Pasaka ijayo, na ndoa inaweza kufuata mara moja. Achille akauliza kama haiwezekani mapema, kabla ya harusi ya Domitille. Papa Bénit akatikisa kichwa.

"Papa Achille, Mungu hana haraka na wewe. Umemungojesha sana, sasa na wewe ngoja kidogo. Kuja siku ya nne, siku ya mafundisho. Utakaa na watoto, lakini nitakutafutia kiti cha kimo chako."

Achille akasema atakuja. Na Arlette akaenda peke yake Kataki, moyo mzito, kumwambia rafiki yake atafute mtu mwingine.

Domitille alikuwa amekaa sakafuni katikati ya maboksi, anafungasha vitu vya kuhamia Mpala. Alisikiliza mpaka mwisho. Arlette alipofika kwenye "sijabatizwa" Domitille alishika mdomo, kisha akacheka mpaka akalala juu ya nguo, na Arlette akamrushia mto, kisha wote wawili wakacheka, kwa maana ilikuwa kitu cha kuchekesha kweli, besi ile yote haijatiwa maji.

Walipotulia, Domitille akasema, "Basi, Mama Philomène atanisimamia."

Arlette akaitikia kwa kichwa. Mama Philomène alikuwa mke wa ndoa ya kanisa, mama mwema, hakuna wa kumkataa. Ndilo jina alilolitafuta siku zote hizo, na sasa amelipata, na liliuma kama alivyojua litauma. Akachukua boksi, akaanza kupanga vikombe ili asionekane uso.

"Rinda utavaa hata hivyo," Domitille akasema. "Utakaa safu ya mbele, na wanawake wote uliowakumbatia watajua ulikuwa unatafuta nini."

"Nitavaa."

"Arlette. Harusi yangu ikiisha, mimi nitakuwa nani?"

"Utakuwa muke wa Jean-Pierre. Utakaa Mpala na kunuka ndagala."

"Muke wa ndoa ya nini?"

"Ya kanisa," Arlette akajibu, bado anapanga vikombe.

"Na Pasaka, wewe na Achille mukifunga, nani atakusimamia wewe?"

Kikombe kilibaki hewani. Katika maswali yake yote, hilo halikuwahi kumpitia kichwani. Alikuwa amejiona siku zote nyuma ya kiti cha mwenzake, hajawahi kujiona ameketi juu ya kile cha mbele.

"Utakuwa Mpala," akasema.

"Na boti? Pasaka mwezi ni mukubwa, ndagala hawafuati taa, wavuvi hawatoki, Jean-Pierre hana kazi. Atanileta akitaka asitake." Domitille akamnyang'anya kikombe. "Nimekuuliza swali, na wewe unapenda maswali. Nani?"

Arlette akamtazama rafiki yake, amekaa kati ya maboksi na vumbi la chaki bado kwenye nywele.

"Wewe, Domi," akasema. "Nani mwingine?"